Vifuko hivi ni vya nani? Jinsi ya kukusanya vifuko vya vimelea maabara na kuusoma ujumbe wake

Kimelea cha malale kinapoogelea kwenye damu, huacha nyuma yake vifuko vidogo mno ambavyo hadubini ya kawaida haivioni. Nje ni utando, ndani ni protini na vipande vya vinasaba. Vifuko hivyo husafiri vyenyewe, hugusa seli nyekundu za damu na kuungana na utando wake, na kuanzia hapo seli ile inakuwa ngeni machoni pa mwili wenyewe. Mwili unaiondoa. Hiyo ni sababu mojawapo ya mgonjwa wa malale, na ng'ombe wa nagana (malale ya mifugo), kuishiwa damu hata pale ambapo vimelea vyenyewe ni vichache.

Mwongozo huu nawaandikia vijana wanaoingia maabara wakitaka kuyasoma mazungumzo hayo ya kimelea na mwenyeji wake. Mimi ni fundi wa maabara hapa Kampala, mzaliwa wa Busia. Mezani kwangu hupita wanafunzi kutoka Gulu, Kisumu, Mwanza na Bukavu, kwa hiyo Kiswahili ndiyo lugha yetu ya kazi. Nyumbani baba alifuga ng'ombe, na nagana niliijua kwa mbavu za ndama kabla ya kuijua kwa vitabu. Swali ninalowauliza wanafunzi wangu kila siku ni moja: vifuko hivi ni vya nani? Damu ya binadamu imejaa vifuko. Seramu ya ndama tunayovilishia vimelea imejaa vifuko. Seli inayokufa humwaga vipande vinavyofanana navyo kabisa. Ukiliruka swali hilo, utakaa mwaka mzima ukisoma ujumbe wa ndama ukidhani ni wa kimelea.

Kwa ufupi, vifuko viko vya namna mbili kubwa. Kuna vinavyotengenezwa ndani ya seli kisha vikatolewa nje, vya nanomita 30 hadi 150 hivi, na kuna vinavyomeguka moja kwa moja kutoka kwenye utando wa nje, ambavyo vinaweza kufika nanomita 1,000. Vikishachanganyika kwenye mrija huwezi kujua kipi kilitokea wapi. Ndiyo maana miongozo ya jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa vifuko, ya 2014, 2018 na 2023, inatutaka tuviite vifuko vya nje ya seli tu, kisha tueleze ukubwa wake na njia tuliyovipatia. Fuata hivyo.

Anza na kimelea kinachoishi peke yake

Ukiwa mgeni katika kazi hii usianze na malaria, hata kama malaria ndiyo inayojaza wodi zetu. Kimelea cha malaria hukaa ndani ya seli nyekundu ya binadamu, na vifuko vingi utakavyovuna vitakuwa na utando wa binadamu. Anza na Trypanosoma brucei brucei, ndugu wa vimelea vya malale anayeshambulia mifugo. Kinakua maabara bila seli yoyote ya mwenyeji kando yake. Maabara nyingi duniani hutumia aina ya Lister 427. Tena damu ya binadamu ina protini iitwayo apolipoprotini L1, ambayo hukitoboa na kukiua, kwa hiyo hakimpi mtu malale.

Ndugu yake, Trypanosoma brucei rhodesiense, ana silaha dhidi ya protini hiyo: protini yake iitwayo SRA, inayoishika apolipoprotini L1 na kuizima. Huyo usimguse kama huna maabara ya usalama wa daraja la juu na msimamizi aliyefunzwa. Malale ya rhodesiense yasipotibiwa huua ndani ya miezi.

Kwa sisi wa Uganda habari hii inatugusa mlangoni. Nchi yetu ndiyo pekee yenye malale ya aina zote mbili: gambiense huko West Nile, na rhodesiense kuanzia Busoga na Tororo kuelekea Soroti na Lango. Mlipuko wa mwanzoni mwa karne iliyopita uliua watu zaidi ya 250,000, wengi wao kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Busoga. Gambiense imepunguzwa kiasi kwamba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa si tatizo tena la afya ya jamii hapa nchini. Rhodesiense ni shida nyingine, kwa sababu ng'ombe ndio ghala lake, na mlipuko wa Soroti mwishoni mwa miaka ya 1990 ulifuatiliwa hadi kwenye ng'ombe walioingizwa kupitia mnada. Basi maabara ya Stephen Hajduk, Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, ilipoonyesha mwaka 2016 kwamba vifuko vya rhodesiense hubeba SRA na kuifikisha kwa brucei brucei, na huyo wa pili akaweza kustahimili seramu ya binadamu, niliisoma ripoti ile mawazo yangu yakiwa mnadani, kwa mnyama mmoja mwenye vimelea vya aina zote mbili katika damu yake. Lakini shika hili vizuri: kinachohamishwa ni protini, si jeni. Protini huisha, na vizazi vya kimelea kile havirithi chochote.

Maabara hiyohiyo ndiyo iliyoonyesha jinsi vifuko vinavyotokea: utando wa mjeledi wa kimelea hurefuka kuwa mirija myembamba sana, kisha mirija hiyo hukatikakatika kuwa vifuko.

Chakula cha kimelea hiki ni HMI-9, kilichotayarishwa na Hiroyuki na Kazuko Hirumi wakiwa Nairobi na kuchapishwa mwaka 1989. Huongezwa seramu ya ndama asilimia 10, kikawekwa kwenye inkubeta ya nyuzi 37 yenye kaboni dioksidi asilimia 5. Vimelea hugawanyika kila baada ya saa sita hivi. Visipite milioni moja na nusu kwa mililita. Vikizidi hapo huanza kudhoofika na kufa, na vifo ndivyo vinavyoharibu kazi hii kuliko kitu kingine chochote.

Seramu na chupa tupu

Seramu lazima isafishwe kwanza. Usiizungushe ikiwa nzima, maana ni nzito na vifuko havishuki vizuri. Ichanganye na HMI-9 hadi iwe asilimia 20, kisha iweke kwenye ultrasentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi kubwa mno) kwa 100,000 g, yaani nguvu mara laki moja ya mvutano wa dunia, saa 18, nyuzi 4. Asubuhi vuta kimiminika cha juu polepole na uache mililita mbili tatu za chini bila kuzigusa. Pitisha kwenye kichujio cha mikromita 0.22, halafu ipunguze kwa HMI-9 hadi asilimia 10.

Kisha kuza vimelea humo kwa siku mbili, sambamba na vingine kwenye seramu ya kawaida, na uhesabu. Vikikua polepole mno, tafuta seramu nyingine. Kimelea chenye njaa kinaweza kutoa vifuko tofauti na vya kimelea kilichoshiba, nawe hukukusudia kuchunguza njaa.

Hata baada ya hapo seramu haitakuwa safi kabisa. Ndiyo maana kila safari ninataka chupa tupu: chakula kilekile, seramu ileile, inkubeta ileile, saa zilezile, bila kimelea hata kimoja. Chupa hiyo hupita kila hatua pamoja na wenzake, mpaka kwenye kipimo cha mwisho. Kama rota, kile kichwa cha sentrifuji kinachobeba mirija, ina nafasi mbili tu, moja ni ya chupa tupu. Katika hilo sipunguzi bei na mwanafunzi yeyote.

Siku ya kuvuna

Osha vimelea mara mbili kwa chakula chenye seramu iliyosafishwa, kikiwa na joto la nyuzi 37, kisha viweke laki tano kwa mililita. Baada ya saa sita vitakuwa vimekaribia milioni. Mililita 200 zinatosha kujifunzia, ila usitarajie protini nyingi.

Kabla ya kuvuna, weka tone kwenye kioo cha kuhesabia na utulie kidogo. Angalia mwendo kwanza, idadi baadaye. Kimelea kizima hakikai: kinajikunja na kujinyoosha, na ule utando mwembamba unaoshikanisha mjeledi na mwili unapepea upande mmoja mfululizo. Kilichochoka kinatetemeka papo hapo bila kwenda mbele. Kilichokufa kimenyooka, au kimevimba kikawa duara na ndani yake kumekuwa na giza. Nikikuta zaidi ya 5 kwa kila 100 havina mwendo, chupa ile haiendi kwenye sentrifuji, hata kama mwenyewe ameingojea tangu alfajiri.

Sababu ni hii. Mwili wa kimelea umefunikwa na koti la protini iitwayo VSG, molekuli zipatazo milioni kumi kwa kimelea kimoja. Kimelea kikipasuka, kimeng'enya chake chenyewe hulikata koti hilo kwenye mizizi, na VSG humwagika ikiwa huru majini. Kwa hiyo kuikuta VSG ndani ya mrija wako hakuthibitishi kwamba una vifuko. Nimeona mabango kwenye mikutano yakitegemea ushahidi huo peke yake, na huwa nasikitika, kwa kuwa kazi nyingine yote imefanywa kwa uangalifu.

Sasa zungusha kwa ngazi, zote nyuzi 4. Kwanza 1,000 g kwa dakika 10 ili vimelea vishuke, na punguza breki ya mashine vimelea visitibuke. Hamishia kwenye mrija mpya, 2,000 g kwa dakika 20. Hamishia tena, 10,000 g kwa dakika 30, vipande vikubwa vibaki chini. Kila unapovuta, acha kidogo chini. Ukitaka kuviondoa vifuko vikubwa pia, pitisha kwenye kichujio cha 0.22 bila kusukuma kwa nguvu, maana msukumo mkali huvikata vifuko vikubwa vikawa vidogo.

Kuanzia hapa una njia mbili.

Ya kwanza ni ultrasentrifuji: 100,000 g kwa dakika 70, mwaga kimiminika, tia PBS (maji ya chumvi yenye asidi iliyosawazishwa) iliyochujwa, rudia dakika 70. Andika nguvu kwa g, usiandike mizunguko kwa dakika peke yake, kwa kuwa mizunguko ileile kwenye rota nyingine ni nguvu nyingine. Jaza mirija myembamba mpaka karibu na ukingo, vinginevyo hujikunja kwa mgandamizo. Pima uzito wa mirija inayotazamana mmoja mmoja kwenye mizani. Na kabla hujaiweka ndani, chora kwa kalamu ya wino usiofutika alama upande wa nje wa mrija, pale mashapo yatakapokaa.

Mwanafunzi mmoja kutoka Bukavu alifungua rota, akaunyanyua mrija kwenye mwanga, akasema kwa unyonge, "Madamu, hakuna kitu humu."

Nikamwambia, "Kipo, baba. Weka PBS juu ya alama uliyochora, uioshe polepole mara thelathini."

Mashapo ya vifuko kwa kawaida hayaonekani. Ukiona kitu cheupe kinene, huenda ni protini iliyogandamana, na hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi.

Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, rota hupungua yenyewe na mashapo hulegea. Usimalizie dakika zilizobaki. Anza upya dakika zote 70 na uandike kwenye daftari kilichotokea. Bora zaidi, kabla ya kuwasha, uliza kama jenereta ina mafuta na kama mwenye ufunguo wake yupo.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda, nayo haidai mashine ya bei hiyo: kolamu ya Sepharose CL-2B. Punje zake zina vitobo. Fikiria soko la Owino wikiendi ya sikukuu: mwenye gunia kubwa kichwani hawezi kuingia vichochoroni, hushika njia kuu akatokea upande wa pili mapema, ilhali watoto huingia kila kichochoro na kuchelewa. Vifuko ndivyo vyenye gunia. Protini huru, ikiwemo ile VSG iliyomwagika, huja nyuma.

Osha punje kwa PBS, zijaze kwenye bomba la sindano la mililita 10 lenye kichujio chini, ziache zitulie bila mapovu wala nyufa. Kolamu isikauke hata mara moja. Kimiminika chako kipunguze hadi nusu mililita kwa kichujio cha kilodaltoni 100, kimimine juu, na kikishazama fuatisha PBS. Kusanya nusu mililita nusu mililita, kila moja kwenye kijaluba chake, yaani mrija mdogo wenye namba. Kwa kolamu ya mililita 10 vifuko hutoka karibu na kijaluba cha 7 hadi cha 9, na protini nyingi kuanzia cha 12 kwenda mbele, lakini usiniamini mimi: pima protini na idadi ya chembe katika kila kijaluba cha kolamu yako mwenyewe, kwa kuwa ujazo wa mtu mmoja si wa mwingine. Wekundu wa chakula ni msaada mzuri kwa macho, hutoka mwisho kabisa. Ukiuona unatoka mapema, kolamu ina ufa. Baada ya kazi ihifadhi kwenye ethanoli asilimia 20 na uioshe vyema kabla ya kuitumia tena.

Hakikisha

Hapa watu huharakisha, na hapa ndipo ningependa uchelewe.

Mashine ya kufuatilia chembe kwa leza itakupa idadi na ukubwa. Haijui tofauti kati ya kifuko, tone la mafuta na protini iliyogandamana. Huhesabu chochote kinachotikisika. Punguza sampuli kwa PBS hadi uone chembe 20 hadi 100 kwenye picha moja, kisha pima chupa tupu kwa kupunguza uleule. Chupa tupu ikitoa nusu ya idadi uliyopata kwenye vimelea, nusu ya vifuko vyako ni vya ndama. Gawanya pia idadi ya chembe kwa mikrogramu za protini. Chembe bilioni 30 au zaidi kwa mikrogramu moja huhesabiwa kuwa usafi mzuri. Chini ya bilioni 2, umebeba uchafu mwingi.

Hadubini ya elektroni itakuonyesha umbo. Vifuko vilivyokaushwa hubonyea katikati vikafanana na kikombe, na mwanafunzi hufurahi. Kubonyea huko kunaletwa na ukaushaji, si umbo lake vikiwa ndani ya damu, kwa hiyo usikitumie kikombe kama ushahidi wa aina ya kifuko. Ushahidi unaotafuta ni duara lenye ukingo wa utando.

Kisha antibodi. Tafuta protini ya kimelea inayokaa kwenye utando wa mjeledi, na tafuta pia protini isiyotakiwa kuwepo, kwa mfano ya mitokondria. Hiyo ya pili ikijitokeza kwa wingi, vimelea vyako vilipasuka. Rudi kwenye kioo cha kuhesabia.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni cha ulinzi. Gawanya vifuko katika mirija mitatu. Wa kwanza uache. Wa pili utie kimeng'enya cha kula protini. Wa tatu utie kimeng'enya hichohicho pamoja na Triton X-100, inayovunja utando. Protini iliyo ndani ya kifuko itabaki salama katika mrija wa pili na kupotea katika wa tatu. Ikipotea katika wa pili, ilikuwa nje, imejibandika tu. Kwa RNA fanya vivyo hivyo ukitumia kimeng'enya cha kula RNA. Mtu anayedai kwamba kimelea kinatuma ujumbe fulani ndani ya kifuko, bila kipimo hiki, hajaniridhisha.

Gawanya sampuli iliyobaki kwenye mirija midogo isiyonata protini, mikrolita 20 hadi 50 kila mmoja, nyuzi 80 chini ya sifuri. Mrija ukiyeyushwa umekwisha, haugandishwi tena.

Kusoma ujumbe wenyewe

Jaribio la kuanzia ni la seli nyekundu. Mwaka 1990 Mary Rifkin na Frank Landsberger walionyesha kwamba VSG inaweza kuhama kutoka kwa kimelea hadi kwenye utando wa seli nyekundu. Chukua seli nyekundu mpya, zioshe mara tatu, zichanganye na vifuko kwa saa moja au mbili kwenye nyuzi 37, zioshe tena, kisha utafute VSG juu yake kwa antibodi inayong'aa. Linganisha na seli zilizopewa mavuno ya chupa tupu, na nyingine zilizopewa VSG huru. Hizo za VSG huru watu huzisahau, na bila hizo huwezi kusema kifuko ndicho kilichoifikisha.

Wengi hupenda kuvipaka vifuko rangi ya PKH67 ili kuviona vikiingia kwenye seli. Rangi hiyo peke yake majini hujikusanya kuwa chembe zenye ukubwa wa vifuko, nazo huingia kwenye seli na kung'aa vizuri tu. Kwa hiyo PBS yenye rangi bila vifuko lazima ipite kwenye kolamu ileile na ipewe seli zilezile.

Ukienda kwenye seli za kinga, kama monosaiti, pima endotoksini kwanza. Chembe kidogo tu ya uchafu wa bakteria itazifanya zipige kelele za saitokini (protini za kuashiria hatari), na utaandika kwamba ni kimelea. Pima na mikoplazma, bakteria wadogo mno, kila mwezi. Hupenya kichujio cha 0.22, haibadilishi rangi ya chakula, na hutoa vifuko vyake yenyewe. Na kipimo unachotoa kieleze kwa idadi ya vifuko kwa seli, pamoja na idadi ya vimelea vilivyovitoa. Ukiimwagia seli moja mavuno ya vimelea elfu kumi, umejifunza kitu ambacho hakitokei ndani ya mgonjwa.

Ukishaweza haya, nenda kwenye malaria

Mwaka 2013 makundi mawili, la Alan Cowman huko Melbourne na la Matthias Marti huko Harvard, yalionyesha kwamba seli zenye Plasmodium falciparum hutoa vifuko vinavyopokelewa na vimelea wenzake, na baada ya kuvipokea vimelea vingi zaidi hugeuka kuwa gametosaiti, hatua inayochukuliwa na mbu. Kundi moja lilikuta vifuko vingi mapema, vimelea vikiwa katika hatua ya pete. Lingine lilivikuta karibu na seli kupasuka. Kwa hiyo sawazisha umri wa vimelea kwa sobitoli asilimia 5, na uandike saa ya kuvuna. Bila saa, matokeo yako hayalinganishwi na ya yeyote.

Chupa tupu ya malaria haiwi tupu kweli. Ni seli nyekundu za mchangiaji yuleyule, za siku ileile, zisizo na kimelea, zilizokaa inkubeta kwa muda uleule. Seli nyekundu hutoa vifuko vyake hata zikiwa nzima, na kadiri damu inavyokaa kwenye friji ndivyo zinavyozidi kuvitoa. Tumia damu mpya. Ondoa chembe nyeupe na chembe sahani kabla ya kuanza. Ukikuta glikoforini, protini ya utando wa seli nyekundu, usishangae, ni ya binadamu. Unachotafuta ni protini za kimelea, kama RESA, zilizomo katika vifuko vya seli zenye ugonjwa na zisizokuwemo katika vile vya seli nzima.

Damu ya mgonjwa ni ngumu kuliko yote, nayo ina thamani kubwa. Mwaka 2004 ripoti kutoka Malawi ilionyesha kuwa watoto wenye malaria kali waliozimia walikuwa na vifuko vingi zaidi vinavyotoka kwenye kuta za mishipa yao ya damu. Hapo anayezungumza ni mwenyeji, akimjibu kimelea, na ndiyo sababu swali la vifuko ni vya nani halituachi hata wodini.

Usianze kabla hujapata kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kwa mama mwenye mtoto, eleza kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Ateso au Dhopadhola, kwamba damu hii ni ya utafiti na haitabadilisha matibabu ya leo. Tumia mirija ya sitreti; heparini huvuruga vipimo vya RNA. Mrija ukae wima mkononi mwa mtu. Usiupakie boda boda ukarushwarushwa kutoka wodini, kwa kuwa chembe sahani zikitikiswa huamka na kumwaga vifuko vyake kwa wingi. Zungusha 2,500 g kwa dakika 15, vuta plazima bila kugusa tabaka la katikati, rudia dakika 15 nyingine, kisha ndipo ugandishe. Ukigandisha plazima yenye chembe sahani, zitapasuka zikiyeyuka, na hakuna kolamu itakayozitenganisha baadaye.

Kazi hiyo yote ifanyike Tororo palepale, wagonjwa waliko, siku ileile, ndani ya saa moja ikiwezekana. Nunua sentrifuji ndogo ya mezani uipeleke huko kabla ya kuwaza kununua kitu kingine. Plazima iliyogandishwa ndiyo isafiri kuja Kampala, kwenye barafu kavu, na kwa kila mrija pawe na saa ya kutoa damu, saa ya kuzungusha, saa ya kugandisha na dawa ambazo mtoto alikuwa ameshapewa. Kiasi cha damu kipangwe kwa kuangalia himoglobini ya mtoto siku hiyo. Ikiwa iko chini sana, mtoto huyo haingii kwenye utafiti, na nafasi yake humngojea mwingine.